Farasi Kumi na Saba

4 Machi

Mwanangu Mpimaji,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na ile karatasi ya mashine, na nimeisoma nimesimama, maana kiti kilikuwa na mabomba juu yake. Farasi kumi na saba. Nikamwita jirani anayeshona viti vya magari aje aisome naye, nisije nikawa nimeona ninachotaka kukiona. Akasoma, akaniuliza mbona natetemeka. Sikuwa natetemeka. Nilikuwa nacheka, ila tangu masikio yangu yaliwe na kelele za grainda ya kukatia vyuma nimesahau kutoa sauti.

Unajua nimeishi kwa kubishana na makaratasi. Bwana Katalogi wa ng'ambo ya barabara anauza mabomba ya ekzosi ya kwenye maboksi, yale yanayobanwa kwenye injini yenyewe ili moshi utoke upesi na gari lipate nguvu. Kila boksi limeandikwa farasi litakaowaongeza: ishirini, ishirini na watano, thelathini. Namuuliza nani kawapima, anajibu "wataalamu." Miaka yote hiyo nimewaambia wateja kwamba farasi wa kwenye boksi hali majani wala hanyi, ndiyo maana kila mtu anaweza kumfuga. Nami nikaapa sitaandika namba yoyote kwenye mlango wangu mpaka mabomba ninayoyachomelea kwa mkono huu yapimwe na mtu ninayemwamini.

Ndiyo sababu nilimsihi yule daktari wa meno alilete gari lake la mbio kwenye zizi lako, hiyo mashine yako ya kupimia nguvu za magari. Nilikuandikia kwamba hata ikiwa sifuri, uniambie sifuri. Nilikuwa nimejiandaa kuimeza.

Sasa sikiliza. Leo nimepanda ngazi nikaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: FARASI 17. WAMEPIMWA. Katalogi alitoka dukani kwake akatazama, akarudi ndani, akatoka tena. Hilo neno la pili ndilo lililomkaba. Ningependa baba yako angekuwepo auone uso wa yule bwana. Angekuwepo auone na wako pia, kwamba mtoto tuliyemlaza kwenye boksi la vyuma vya kuchomelea leo ndiye anayeaminiwa na mashine.

Usiniambie tena ninunue simu ya kupapasa. Vidole vyangu vina sugu, kioo hakivitambui. Niandikie.

Shangazi yako,
Cheche


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mlango wako umenifurahisha, ila hilo neno WAMEPIMWA limenivimbisha kichwa, na mgema akisifiwa unajua tembo hulitia nini. Mkuu wa karakana naye ameiweka ile karatasi kwenye fremu ya kioo pale wateja wanapokaa kusubiri. Tangu wiki iliyopita ananiita mpimaji mkuu mbele za watu, ingawa wapimaji tuko wawili tu, na mwenzangu ndiye anayekumbuka kufungua dirisha.

Labda utaulizwa na mteja ambaye hajawahi kuliona zizi. Mwambie gari linapandishwa juu ya magurudumu ya chuma yaliyozama sakafuni, linafungwa kwa mikanda lisiruke, halafu linakimbizwa palepale lilipo. Yale magurudumu ndiyo yanayohesabu farasi. Akikuuliza kama siku ya joto na siku ya baridi ni sawa, mwambie si sawa. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inavuta hewa haba, inalegea. Kwa hiyo kuna kipimajoto kidogo kwenye waya kinachoiambia mashine hewa ina joto gani, na mashine inafidia kile ambacho joto limeiba. Hesabu inatoka ya haki, liwe jua, iwe mvua.

Nilipima mara tatu na mabomba ya kiwandani, nikafunga yako, nikapima mara tatu tena. Jambo lililorudiwa mara tatu si bahati. Mtu akibisha, mwambie aje kwangu.

Nakukumbuka. Nakumbuka hata harufu ya kile chumba cha nyuma.

Mwanao,
Mpimaji


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya, ni kazi. Tangu mlango upakwe rangi nimefunga seti mbili. Moja ni ya mpiga picha wa harusi, yule mwenye kagari kafupi ka milango miwili, ambaye huwafikia maharusi kabla hawajajua kama wanaoana. Ya pili ni ya rafiki yake, wana magari ya aina moja na lile la daktari wa meno. Wengine wanasubiri zamu. Watoto wa mtaani wamenibadilishia jina. Zamani nilikuwa Cheche, sasa ni Mama Kumi na Saba. Nawafukuza, ila nawafukuza polepole.

Kuna neno dogo. Yule rafiki wa mpiga picha alipita kwenye zizi jingine huko anakokaa. Wakamwambia hawaoni kitu. Alinipa habari hiyo kwa upole mwingi, kofia mkononi, kama mtu anayekuja kuomba radhi kwa sababu mimi nimemkanyaga.

Sikuulizi wewe. Wewe ulipima. Najiuliza mimi. Seti zote zinapangwa kwenye fremu ileile ya chuma niliyoitengeneza na baba yako, mimi nashika, yeye anatoboa, na kila bomba lina mahali pake pa kulalia, halina ruhusa ya kuwa tofauti na dada yake. Kama fremu ni ileile na mimi ni yuleyule, farasi wamepitia wapi?

Nimemwomba mpiga picha alete gari lake kwako wiki ya mwisho wa mwezi. Lipime kama ulivyopima lile la kwanza. Halafu niambie.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Gari la mpiga picha limekuja na nimelipima. Nimepata farasi wawili.

Mashine za aina hii hutofautiana, usishtuke. Pengine seti hii haikufanana sana na ile ya kwanza. Kona ikiwa na mkunjo tofauti kidogo, au mshono ukiingia ndani ya bomba, moshi hukwama na nguvu hupotea. Angalia hapo.

Kwa sasa usiandike kitu kingine mlangoni. Huku kuna joto na kazi ni nyingi, ndiyo maana barua ni fupi.

Mpimaji


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umeandika "pengine seti hii haikufanana sana na ile ya kwanza." Nimekaa na hiyo pengine yako mwezi mzima. Nimekula nayo, nimeoga nayo.

Nilimwita daktari wa meno aniazime gari lake, nikafungua seti ya kwanza, nikaiweka mezani pamoja na ya mpiga picha. Nikapima kwa uzi. Nikaingiza kidole mpaka kinapofika. Nikaziba mabomba upande mmoja nikayajaza maji, nikamimina kwenye ndoo, nikalinganisha. Yalikuwa sawa. Nikarudia nikiwa nimekasirika, yakawa sawa tena. Sasa nikajiambia, mtu akipima asione kosa, na kosa lipo, basi kilichoharibika ni mpimaji mwenyewe. Kuna kitu mikono yangu ilikifanya mara moja tu, na siku hizi haikifanyi tena, na macho yangu hayakioni.

Nikaenda kwa mpima macho. Akaniuliza nasumbuliwa na nini, nikamwambia natafuta farasi kumi na watano waliopotea. Akaniandikia miwani.

Mpiga picha nilimwambia ukweli, kwamba seti yake haikufika. Akanishika bega akasema, "Usijali, mama." Mwanangu, usijali ya mteja inauma kuliko tusi. Tusi ungelirudisha.

Waliokuwa wakisubiri zamu nimewaambia waende kwingine. Namba ya mlangoni sijaifuta, kwa sababu ni ya kweli, uliipima wewe. Ni mimi nisiyeifikia tena. Kila asubuhi nafungua mlango nikipita chini yake nimeinamisha kichwa, kana kwamba nimeiba kitu humo ndani. Naona aibu mbele ya watoto wanaoniita hilo jina. Naona aibu mbele ya fremu ya baba yako. Wengine huondoka kazini kwa kuzeeka, mimi naondoka kwa kuumbuka.

Nimeamua. Fremu nitaikata. Sitaki iangukie mkononi mwa mtu atakayetengeneza mabomba mabovu akasema ni ya Cheche. Halafu nitavuka barabara nikamwombe Katalogi kazi ya kuuza maboksi. Kusoma najua, na kwenye maboksi kila kitu kimeshaandikwa.

Wewe usijilaumu. Ulinipimia kwa haki mara zote mbili.

Shangazi yako


15 Julai

Bwana Mpimaji,

Salamu. Hunijui ila kwa kusemwa. Mimi ndiye mwenye duka la mabomba ya maboksi, mkabala na shangazi yako. Najua jina alilonipa, na wateja wangu nao wanalitumia, hata mke wangu amelizoea.

Tumegombana mimi na yeye miaka mingi na sijapata kuwa na jirani mzuri kuliko yeye. Ndiyo maana nakuandikia.

Wiki iliyopita alikuja kuazima grainda yangu, akasema ya kwake imechoka. Nikampa. Nikadhani anakata chuma cha kazi. Kumbe alikuwa anaikata ile fremu yake. Nilisikia sauti nikaendelea kunywa chai. Aliporudisha grainda alikuwa ameifuta vizuri kuliko nilivyompa, na akaniuliza kama nina nafasi ya mtu wa kuuza.

Nikampa nafasi. Nilifurahi kidogo, sitakuficha. Siku ya kwanza akaja mteja, akanyoosha kidole kwenye boksi moja, akamuuliza linaongeza farasi wangapi. Shangazi yako akavaa miwani, akaligeuza boksi, akamwambia, "Limeandikwa thelathini." Mteja akauliza tena, lakini linaongeza? Naye akarudia, "Limeandikwa thelathini." Mteja akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya rafu na aibu ikanipanda mpaka masikioni, nami ni mtu mzima ambaye nimesoma maboksi hayo kwa sauti kubwa maisha yangu yote.

Namba za kwangu sijui zinatoka wapi. Huja zimeshachapwa. Ila ile ya mlangoni kwake imepimwa na wewe, na hilo ndilo ninalotaka kuuliza. Kama kumi na saba ni kweli, njoo umtie moyo, kwa sababu anaamini mikono yake imekufa. Kama si kweli, mwambie. Namba za uongo ninazo za kutosha dukani, sihitaji na zako ziwe zinaning'inia mbele ya mlango wangu.

Wako,
huyo unayemjua


21 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ninaandika barua hii nikiwa najua unaweza usimalize kuisoma. Naomba uimalize.

Mikono yako haina kosa. Seti zako zote ni sawa, kama maji yalivyokuambia. Kosa ni langu, na lilikuwa langu tangu siku ya kwanza.

Nilikueleza kuhusu kipimajoto. Siku ya gari la daktari wa meno nilikining'iniza chini ya boneti, kando ya mdomo unaovuta hewa, kwa sababu nilitaka kijue hewa ileile inayoingia kwenye injini. Nilijiona mjanja. Mabomba ya kiwandani yana bati la kukinga joto. Yako hayana. Nilipoyafunga yako, joto lake lote likakipiga kipimajoto. Mashine ikadhani siku imegeuka jua kali, ikafidia joto ambalo injini haikulivuta hata kidogo. Wale farasi hawakutoka kwenye bomba wala kwenye injini. Walitoka kwenye waya niliouning'iniza mahali pabaya. Nilikuandikia kwamba jambo lililorudiwa mara tatu si bahati. Ni kweli, halikuwa bahati. Lilikuwa kosa moja mara tatu.

Gari la mpiga picha lilipokuja, mwenzangu alikuwa amekihamishia kipimajoto dirishani. Nikapata wawili. Nikafikiri mashine imeharibika, nikakishika kipimajoto nikaona kifuniko chake cha plastiki kimejikunja upande mmoja, kama kijiko cha plastiki kilichosahauliwa kwenye sufuria. Nikaelewa hapohapo. Hata hao wawili siwezi kukuapia, maana mashine yenyewe hupotea kiasi hicho asubuhi na jioni.

Sasa inakuja sehemu ambayo nimeshindwa kuiandika tangu mwezi uliopita. Nililijua hili kabla sijakuandikia barua ya Juni. Nilikuwa na kile kifuniko mezani wakati naandika "pengine." Ile karatasi ilikuwa kwenye kioo, nilikuwa naitwa mpimaji mkuu, na wewe hujawahi kunishuku hata siku moja. Nikaona ni rahisi shaka ikakae kwako. Nilijua utaibeba, kwa sababu umezoea kubeba. Nikakutupia neno moja dogo nikijua utaligeuza kisu.

Niliposoma habari ya miwani nilitoka nje ya karakana nikasimama nyuma ya mapipa ya mafuta machafu. Hata hapo sikuandika. Nilingoja mpaka jirani yako aniulize, mtu tuliyemcheka mimi na wewe tangu niko mdogo. Aibu hiyo nayo ni yangu.

Nimemwambia mkuu. Hakunifokea. Aliitoa ile karatasi kwenye fremu ya kioo akaweka kalenda. Mpimaji mkuu sasa ni mwenzangu, na anastahili. Daktari wa meno na mpiga picha nimewaandikia, na yule rafiki yake pia.

Jirani yako ameniambia kuhusu fremu ya baba. Barua yangu ingetoka mwezi mmoja mapema, ingekuwepo. Natamani ardhi ipasuke, lakini hata hilo ni kutaka kukimbia.

Nisamehe ukiweza.

Mwanao


30 Julai

Kwako,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba nimeiweka pembeni kwanza.

Barua nimeisoma mpaka mwisho, na nimeisoma kwa miwani. Sikuhitaji miwani, lakini nimeshainunua.

Nikuambie lililoniuma na lisiloniuma. Kipimajoto hakijaniuma. Nimechomelea vitu kichwa chini, nimewahi kufunga bomba la mtu upande wa mbele nyuma akaondoka nalo. Kukosea ni sehemu ya mshahara. Ulinivika kilemba cha ukoka bila kujua, farasi wakakila, basi, ningecheka nikapanda ngazi nikafuta. Nilikwisha kukuambia nimejiandaa kuimeza sifuri.

Lililoniuma ni hiyo Juni. Ulikuwa na jibu mezani ukaniacha niingize kidole kwenye mabomba kama kipofu. Uliniacha nimwambie mpiga picha kwamba seti yake haikufika. Uliniacha nipimwe macho. Na nilipokuandikia "usijilaumu," uliisoma hiyo sentensi ukakunja karatasi. Nimewahi kuumizwa na watu wa nje na sikushangaa. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, nami nilidhani ni maneno ya kutishia watoto.

Fremu niliikata vipande vinne. Ilikuwa ngumu kukatika, baba yako hakuwa mtu wa kuchomelea kwa kubahatisha. Nilikata nikimwomba radhi kwamba nimeshindwa kuitunza kazi yake. Sasa sijui nani amwombe radhi nani.

Katalogi ameniambia kwamba alikuandikia. Alikiri mwenyewe, huku anapanga maboksi yaliyokuwa yamepangika. Nimemwambia asante na nimeacha kazi yake, kwa sababu tangu niingie hajauza kitu. Alionekana kushukuru.

Jana nimewasha mashine ya kuchomelea. Mikono ilikuwa inaogopa, na hilo ni jambo geni kwangu. Umenirudishia kwa barua ulichokichukua kwa barua, lakini hakikurudi chote, kuna kipande kimebaki njiani. Kila mshono nauangalia mara mbili nikimtafuta yule mzee uliyeniambia yumo ndani yangu.

Kwenye kifurushi hiki utakuta kipande cha bomba, kona mbili, mishono mitatu. Ni cha kwanza tangu nilipoacha. Kitazame nje na ndani, kikate ukitaka. Halafu niandikie ulichokiona. Kikiwa kizuri sema kizuri, kikiwa kibovu sema kibovu. Usiniandikie pengine.

Mlango uko vilevile. Nilitaka kuufuta nikashuka ngazi. Mkono wangu ndio ulioandika, lakini neno halikuwa langu.

Cheche


6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekitazama kipande mchana, mbele ya dirisha. Nilianza barua hii jana kwa kukuambia ni kizuri chote, nikaichana.

Mshono wa kwanza ni safi. Wa tatu ni safi, sijaona mtu mwingine anayeufunga hivyo. Wa pili, pale kona inapoanza, umezama. Kwa nje hauonekani. Nimekikata kwa urefu nikaona chuma kimechungulia ndani, kama nusu ya punje ya mchele, upande wa chini. Moshi ungejigonga hapo. Nadhani ulisita kidogo katikati ya mshono, kisha ukaendelea. Nimeshika mahali hapo kwa kidole mara nyingi, nikitaka pasiwepo. Papo.

Kukuandikia hivi kumenitisha kuliko ile barua ndefu. Kule nilikuwa najisema mimi. Hapa nausema mkono wako, baada ya yote niliyoufanyia.

Naomba kuja. Wanasema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na mimi zizi langu si hili la magurudumu. Najua ile namba bado iko juu ya mlango. Naomba niifute mimi, mchana, watoto wakiwepo, na Bwana Katalogi akitazama. Wakiniuliza nitawajibu. Kama siku moja tutaandika farasi wawili, basi kwanza tuwapime tena, na mwenzangu ndiye ashike kipimajoto.

Vile vipande vinne vya fremu, kama hujavitupa, usivitupe. Nitashika, wewe uchomelee. Matundu aliyotoboa baba bado yatakuwa mahali pake.

Ukisema nisije, sitakuja.

Mwanao


10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Kona ya pili ni kweli. Nilisita, nilikuwa nakuwaza.

Vipande viko chini ya meza. Katalogi anasema atatushikia ngazi. Njoo na brashi, ya kwangu imekauka na ile rangi nyekundu.

Shangazi yako